Kuchagua Mbwa wa Kulinda Nyumba

Watu wengi vijijini wanafuga mbwa. Mbwa hulinda nyumba usiku. Hulinda mbuzi na kuku. Hufukuza nyani na ngedere shambani. Lakini mbwa huyo huyo hushinda na watoto wako mchana kutwa. Watoto humkanyaga mkia. Humvuta masikio. Hucheza mpira mbele yake.

Kwa hiyo mbwa wa nyumbani ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumzuia mwizi. Kazi ya pili ni kukaa na watu wa nyumbani bila kuwadhuru.

Mbwa anayeweza kazi moja tu hafai. Mbwa anayemtikisia mwizi mkia hafai kulinda. Mbwa anayemng'ata mtoto wa jirani ni hatari kuliko mwizi. Mwizi huiba mbuzi, na mbuzi mwingine atazaliwa. Mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa, hakuna wa kumrudisha.

Katika somo hili utajifunza jinsi ya kuchagua mbwa anayeweza kazi zote mbili. Utajifunza pia jinsi ya kumlea, na jinsi ya kuikinga jamaa yako na kichaa cha mbwa.

1. Mazungumzo

(Wanakisomo wawili wasome kwa sauti. Mmoja awe Mume, mwingine awe Mke.)

MUME: Mama watoto, mwezi huu tumeibiwa mbuzi watatu. Nimechoka. Nataka mbwa. Tena si mbwa hawa wetu. Nataka wale wakubwa wa polisi.

MKE: Pole, baba watoto. Hata mimi usiku silali. Lakini niambie, mbuzi waliibwa saa ngapi?

MUME: Usiku wa manane. Hakuna aliyesikia kitu.

MKE: Basi hatukukosa mbwa wa kuuma. Tulikosa mbwa wa kutuamsha. Tungeamka tungepiga yowe, na majirani wangetoka.

MUME: Hilo ni kweli. Lakini mbwa mkubwa akionekana tu, mwizi hukimbia.

MKE: Na mbwa mkubwa atakula nini? Unga wetu unaisha kabla ya mwezi kwisha.

MUME: Tutajitahidi.

MKE: Na mchana je? Mtoto wetu wa mwisho anatambaa. Watoto wa shule wanapita hapa mlangoni.

MUME: Mchana nitamfunga mnyororo.

MKE: Mpira wa mtoto ukimwangukia pale alipofungwa, nani ataufuata?

MUME: (Ananyamaza kidogo.) Haya, mama watoto. Kesho nitakwenda kwa Bwana Mifugo. Nitauliza kwanza, ndipo nitoe fedha.

Ndugu msomaji, watu hawa wawili wamefanya jambo la maana. Wamezungumza kabla ya kununua. Fanya hivyo nyumbani kwako. Mbwa ataishi nanyi miaka 10 au zaidi. Atalishwa na mama, atachezewa na watoto, naye baba atamlipia chanjo. Kila mmoja atoe maoni yake.

2. Kazi ya mlinzi ni kutoa habari

Watu wengi hudhani mbwa mlinzi ni mbwa anayeuma. Hayo ni makosa. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayesikia mapema na kubweka mapema.

Mwizi hupenda giza na ukimya. Mbwa akibweka, ukimya umekwisha. Wenye nyumba huamka. Taa huwashwa. Jirani hufungua dirisha. Mwizi wengi hawangoji zaidi ya hapo.

Masikio ya mbwa husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Pua yake hutambua mgeni kabla hajaonekana. Vipawa hivyo mbwa mdogo anavyo, na mbwa mkubwa anavyo. Mbwa wa kilo 15 anaweza kuamsha nyumba sawasawa na mbwa wa kilo 50.

Kuna mbwa mmoja anayetufundisha jambo hili vizuri. Anaitwa Basenji. Asili yake ni misitu ya Kongo. Ni mbwa safi, mwepesi, na hodari wa kuwinda. Lakini habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti yake nyingine, kama anayeimba. Wawindaji humpenda. Kwa mtu anayetaka kuamshwa usiku, si chaguo jema. Kwa hiyo usiulize tu, "Huyu ni mbwa mzuri?" Uliza, "Huyu ni mzuri kwa kazi gani?"

3. Aina za mbwa utakazozisikia

Mbwa mchungaji wa Kijerumani. Huyu ndiye wengi humwita mbwa wa polisi. Alianza kuzalishwa kwa mpango huko Ujerumani mwaka 1899. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga kondoo. Dume huwa na kilo 30 hadi 40. Ana akili, na hujifunza upesi. Lakini akikaa bure bila kazi na bila mafunzo, huharibika tabia. Baadhi yao hurithi ugonjwa wa nyonga, wakashindwa kutembea vizuri.

Ukimwona mbwa huyu akifanya kazi na askari, usidhani alizaliwa anajua. Alifundishwa kwa muda mrefu, na ana askari anayemtunza. Ukimnunua mtoto wake, umenunua mbwa tu. Mafunzo hukuyanunua.

Rottweiler. Huyu jina lake limetoka katika mji wa Rottweil, Ujerumani. Zamani aliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni. Dume hufika kilo 50. Ana nguvu nyingi na taya kubwa. Anataka bwana anayejua mbwa. Mtu anayefuga kwa mara ya kwanza asianze na huyu.

Boerboel. Huyu ni mbwa wa mashambani wa Afrika Kusini. Dume huweza kupita kilo 60. Hulinda sana mali ya bwana wake. Lakini mtu mzima mwenye nguvu anaweza kushindwa kumshika. Mama au mtoto atafanya nini?

Ridgeback. Huyu ametoka kusini mwa Afrika. Ana mstari wa manywele mgongoni, na manywele hayo yamelala kuelekea kichwani. Alirithi mstari huo kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa huko. Sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mji huo sasa umo katika nchi ya Zimbabwe. Wawindaji walimtumia kuzuia simba mpaka mwenye bunduki afike. Dume ana kilo 36 hivi. Manywele yake ni mafupi, kwa hiyo huvumilia joto. Lakini ni mbishi, na anahitaji mahali pa kukimbia.

Mbwa wa kienyeji. Huyu tunamjua sote. Wengi hawafiki kilo 25. Babu na bibi zake waliishi hapa, wakazoea joto letu na chakula chetu. Huwa macho usiku, na hubweka mgeni akiwa bado mbali. Watu humdharau. Lakini tujiulize: nani amemharibia jina? Sisi wenyewe tunamnyima chakula, tunamwacha azurure, hatumpeleki kuchanjwa. Kisha tunamwita mbwa koko.

Chotara. Huyu ni mbwa mwenye wazazi wa aina mbili. Anaweza kuwa mzuri sana. Anaweza pia kurithi ukubwa wa mmoja na woga wa mwingine. Huwezi kujua kwa kumtazama yeye peke yake. Watazame wazazi wake.

Jihadhari na wauzaji. Wako wanaouza chotara kwa bei ya mbwa wa asili moja. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha mama wa mtoto wa mbwa, rudi na fedha zako nyumbani.

Basi ni aina gani inayofaa? Kwa nyumba nyingi za kijijini, mbwa wa kienyeji aliyechaguliwa vizuri na kulelewa vizuri anatosha kabisa. Aina kubwa ni kwa mtu mwenye ua uliozungushwa vizuri, chakula cha kutosha, na nafasi ya kumfundisha mbwa kila siku. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, aina kubwa itakuletea taabu.

4. Tufanye hesabu

Mbwa wa kilo 35 hula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 15. Tufanye hesabu ya unga peke yake.

Tuseme mbwa mdogo anakula ugali wa robo kilo ya unga kwa siku. Mbwa mkubwa anakula ugali wa nusu kilo kwa siku.

Kwa mwezi wa siku 30:
Mbwa mdogo: kilo 7 na nusu.
Mbwa mkubwa: kilo 15.

Kwa mwaka wa siku 365:
Mbwa mdogo: kilo 91 na robo.
Mbwa mkubwa: kilo 182 na nusu.

Tofauti ni kilo 91 na robo. Hilo ni karibu gunia zima la kilo 100. Je, unalo gunia hilo la ziada kila mwaka?

Unga peke yake hautoshi. Mbwa anahitaji pia dagaa, mabaki ya nyama, au damu iliyopikwa. Anahitaji maji safi kila siku. Mbwa mwenye njaa halindi. Huondoka usiku kutafuta chakula majalalani. Mwizi naye humtupia kipande cha nyama, na kazi imekwisha.

Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha, ikamchoma tumboni. Tena usimpe maini au mapafu mabichi ya mbuzi na ng'ombe, hasa yenye malengelenge ya maji. Ndani ya malengelenge hayo mna vijidudu vya minyoo. Mbwa akiyala, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu. Huko Turkana, nchini Kenya, ugonjwa huu umewasumbua watu sana. Yachome moto au yafukie chini sana maini ya namna hiyo.

5. Jinsi ya kuchagua mtoto wa mbwa

Umekwisha kuamua aina. Sasa unakwenda kuchagua. Fuata hatua hizi.

Kwanza, mtazame mama. Nenda mwenyewe nyumbani anakofugwa. Je, anabweka mgeni akifika? Vizuri. Je, bwana wake akimwambia anyamaze, ananyamaza? Vizuri zaidi. Je, watoto wa nyumba ile wanampita bila hofu? Hapo umepata. Lakini kama mama anaogopa kila mtu, au anauma hata watu wa nyumbani, usichukue mtoto wake.

Pili, uliza umri. Usimchukue kabla ya wiki 8. Katika wiki hizo hunyonya, na hucheza na ndugu zake. Katika mchezo hujifunza kutouma sana. Anayetengwa mapema hukua bila kujifunza hivyo.

Tatu, tazama afya. Macho yawe safi. Pua isitoe makamasi. Ufizi uwe na rangi ya waridi. Manywele yasiwe na mabaka ya upele. Mbwa mwembamba mwenye tumbo kubwa ana minyoo. Mwenye kuharisha asichukuliwe.

Nne, jaribu tabia. Chuchumaa mbali kidogo na watoto wa mbwa. Piga makofi polepole. Atakayekuja kukunusa huku akitikisa mkia ni mwema. Anayejificha nyuma kabisa na kutetemeka, mwache. Mbwa mwoga akikua huuma kwa woga. Anayewang'ata wenzake na kuwanyang'anya daima, mwache pia. Kisha mbebe yule uliyempenda. Akijinyonganyonga kidogo halafu akatulia mikononi mwako, huyo anafundishika.

Tano, chagua dume au jike. Wote wawili hulinda. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi. Dume hupenda kuzurura akinusa jike. Kama hutaki kuzalisha, mwombe Bwana Mifugo amhasi dume au amfunge jike kizazi. Dume aliyehasiwa bado hubweka mwizi. Hupungua kuzurura tu.

6. Malezi

Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndivyo alivyo mbwa pia. Aina nzuri ikilelewa vibaya huharibika.

Umri wa wiki 3 hadi 14 hivi ni umri mkubwa wa kujifunza. Katika siku hizo mzoeze mbwa wako watu wa nyumbani, wazee wenye fimbo, watoto, baiskeli, kuku na mbuzi. Kama unataka alinde mbuzi, alale karibu nao tangu mdogo. Atawaona kuwa ni wenzake.

Mpe jina fupi. Mfundishe maneno machache: njoo, kaa, acha. Watu wote wa nyumbani watumie maneno hayo hayo. Baba akisema "acha" na mama akisema "toka", mbwa hatajua ashike lipi. Akifanya vizuri, msifu na umpe kipande cha chakula. Usimpige kwa hasira. Mbwa anayepigwa hujifunza hofu. Siku moja atakuta aliye dhaifu kuliko wewe, naye ni mtoto wako. Tena hapa Tanzania, kumtesa mnyama ni kosa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza.

Usimfunge mnyororo usiku na mchana. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo huchagua kuuma. Wala hawezi kumfuata mwizi aliye upande wa pili wa nyumba. Kama ni lazima kumfunga mchana, mfunge kivulini, penye maji, mbali na njia ya watoto. Usiku mfungulie ndani ya ua.

Mjengee kibanda kidogo pakavu, karibu na zizi au mlango. Usitegemee ulinzi kwa mtoto wa mbwa wa miezi 4. Mbwa wengi huanza kulinda kwa uhakika wanapokaribia mwaka mmoja au kuzidi kidogo.

Wafikirie majirani pia. Mbwa asile mayai yao, wala asiwafukuze wapita njia. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi. Mbwa asiingie katika nyumba zao wala kugusa vyombo vyao. Nawe kama ni Mwislamu na unahitaji mlinzi, afugwe nje, awe na chombo chake peke yake.

7. Wafundishe na watoto

Kumfundisha mbwa peke yake hakutoshi. Wafundishe watoto wako mambo haya:

Usimguse mbwa anapokula.
Usimguse mbwa aliyelala.
Usisogelee jike mwenye watoto.
Usimrushie mbwa mawe.
Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kimya kama mti. Teremsha mikono. Usimtazame machoni. Akikunusa ataondoka.
Mbwa akikuuma au akikukwaruza, sema nyumbani siku ile ile. Hutapigwa.

Neno la mwisho ni kubwa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa fimbo. Jeraha lililofichwa linaweza kuua. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata mbwa akiwa mpole namna gani.

8. Kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na kirusi. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa mtu kwa njia ya meno, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Mtu haugui mara moja. Mara nyingi hupita mwezi mmoja hadi mitatu. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Karibu kila mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu. Wengi wako Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimkinga kwa chanjo mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona. Tangu hapo chanjo zimeboreshwa sana.

Dalili kwa mbwa ni hizi. Tabia hubadilika ghafla. Mpole huwa mkali, au mchangamfu hujificha gizani. Huuma mawe, miti na wanyama bila sababu. Sauti hubadilika. Mate humtoka, na kumeza humshinda. Miguu hulegea, kisha hufa. Mbwa kama huyo usimkaribie. Mpashe habari Bwana Mifugo na serikali ya kijiji.

Mtu akiumwa, fanya hivi:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Usifupishe.
2. Usipake majivu, pilipili wala mafuta.
3. Nenda hospitali au zahanati siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.
4. Sindano za kinga hutolewa kwa siku mbalimbali. Zimalize zote, hata kama unajisikia mzima.
5. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa salama, asiuawe. Afungwe na atazamwe siku 10. Lakini usingoje siku hizo ndipo uende hospitali.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mpeleke mbwa wako kuchanjwa afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Wachanjaji wakija kijijini, wapeleke hata watoto wa mbwa walio wadogo zaidi. Tunza kadi ya chanjo pamoja na kadi za kliniki za watoto wako.

Mbwa wako mmoja akichanjwa, nyumba yako imepata kinga. Lakini kijiji kizima kinahitaji zaidi. Wataalamu wanasema: katika kila mbwa 10, 7 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hilo si jambo la mtu mmoja. Lizungumzeni katika mkutano wa kijiji.

9. Kumbuka

Usinunue jina la mbwa. Nunua tabia njema na afya njema.
Mlinzi mzuri hubweka mapema. Si lazima aume.
Mbwa unayeweza kumlisha, kumfundisha na kumchanja ndiye mbwa wako.
Mbwa asiyechanjwa si mlinzi. Ni hatari uliyoilisha mwenyewe.

Maneno

Chotara: mnyama mwenye wazazi wa aina mbili.
Kuhasi: kumwondolea dume uwezo wa kuzalisha.
Kirusi: kijidudu kidogo sana kiletacho ugonjwa.
Ufizi: nyama inayoshika meno.
Najisi: kitu kinachoondoa usafi wa ibada.

Maswali

1. Mbwa wa nyumbani ana kazi gani mbili?
2. Kwa nini mke alisema, "Hatukukosa mbwa wa kuuma"?
3. Kwa nini si vizuri kumchukua mtoto wa mbwa kabla ya wiki 8?
4. Mtoto ameumwa na mbwa saa 3 asubuhi. Taja mambo ya kufanya, moja baada ya jingine.
5. Kijiji kina mbwa 120. Ili 7 katika kila 10 wachanjwe, ni mbwa wangapi wapelekwe kuchanjwa?

Kazi ya kikundi

Hesabuni mbwa walio katika mtaa wenu. Andikeni katika daftari jina la kila mwenye mbwa, idadi ya mbwa wake, na tarehe waliyochanjwa mara ya mwisho. Kama hawajachanjwa, andikeni "bado". Mkimaliza, mpelekeeni Bwana Mifugo orodha hiyo, mkamwulize siku atakayokuja kuchanja. Mkirudi, waambieni wale wote wenye neno "bado" mbele ya majina yao.